Mwiko kama Matini: Simulizi na Misitu ya Kaya

Simulizi za chimbuko la Wamijikenda hueleza kwamba walipohama Singwaya walibeba fingo, wakazifukia katika vilima vyenye msitu, na hapo wakajenga kaya. Mwaka 1972 R. F. Morton aliutilia shaka ukongwe wa masimulizi haya. Thomas Spear akayatetea, hasa katika The Kaya Complex (1978). Mjadala huo uliegemea swali la mwanahistoria: je, yalitukia? Kwa mhakiki wa fasihi, swali lenye tija ni jingine: kisasili hiki kinatenda nini?

Jibu lipo ardhini. Wakazi walipohamia mashambani, hasa katika karne ya 19, msitu ulibaki. Kaya zilizoorodheshwa na UNESCO mwaka 2008 ni vipande vya hekta 30 hadi 300 hivi, vilivyozungukwa na makazi na mashamba. Kilichovilinda hakikuwa ua wala askari, bali mwiko: usikate mti, usiache njia, vua viatu mlangoni.

Hapa ndipo maandishi mengi ya uhifadhi yanapoteleza. Huuchukulia mwiko kuwa kanuni ya ikolojia iliyogubikwa na ushirikina, kana kwamba ganda linaweza kumenywa na kiini kikatumika. Usomaji huo ni finyu. Mwiko hauna nguvu nje ya kisasili kinachoueleza na miviga inayouhuisha. Asiyeamini kwamba chini pana fingo, mbele yake pana kuni tu. Wakoloni waling'amua hili mapema. Agosti 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwaapisha Wagiriama, Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Hawakulenga miti.

Tangu 1992 kaya nyingi zimetangazwa kuwa turathi za kitaifa. Hatua hiyo ni ya kupongezwa, ila inalinda mandhari ya utendaji, si utendaji wenyewe. Ndiyo maana mwaka 2009 UNESCO iliziweka mila za kaya katika orodha ya zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Fanani wa visasili hivi ni mzee, na huko Kilifi wazee wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi nyuma ya tuhuma pakiwa na ugomvi wa ardhi. Uhakiki unaoainisha tanzu za kaya bila kuyagusa mauaji haya haujaichambua hadhira yake: vijana wa ukoo, waliokusudiwa kuurithi mwiko, ndio mara nyingi wanaonyoshewa kidole.