Kigoma, mita 60: hesabu ya gesi ya akiba

Mtambo wa kuzungusha pumzi hubeba mtungi mdogo wa oksijeni wa lita 3. Ukiujaza hadi bar 200 umepata lita 600, na mwili wa mzamiaji anayeogelea taratibu hula takriban lita moja ya oksijeni kwa dakika, awe mita 5 au mita 60. Gawanya mwenyewe: ni gesi ya zaidi ya siku nzima ya kazi. Hesabu hii ndiyo inayouza mitambo hii, na ndiyo inayowafanya watu washuke na akiba isiyotosha.

Pembeni yake kuna mtungi wa pili wa ukubwa uleule, wenye gesi ya kuchanganyia. Mtambo ukigoma kwenye mita 60 za Ziwa Tanganyika, na ukaamua kuhema kutoka mtungi huo huku ukimwaga mapovu, lita zake 600 zinakwisha kwa dakika mbili na ushei. Uchambuzi huu wote umo kati ya namba hizo mbili.

Mtambo wenyewe si wa ajabu. Pumzi unayoitoa hupita kwenye bomba hadi kopo lenye chokaa ya soda, chokaa inakamata kaboni dioksidi, sensa tatu zinapima oksijeni, vali inaongeza kidogo kilichotumika, nawe unavuta tena. Kazi inayodharauliwa ni kulijaza kopo. Chembe za chokaa humiminwa kidogo kidogo, kopo likigongwagongwa ubavuni kwa kiganja hadi zishuke na kushikana, kisha zinaongezwa tena. Likiachwa na nafasi juu, pumzi itajipenyezea njia ya mkato pembeni, na kaboni dioksidi itarudi mapafuni. Sensa za oksijeni hazitasema lolote, kwa kuwa hazipimi gesi hiyo.

Faida na gharama ya mitambo hii zilionekana vizuri Sodwana Bay, Afrika Kusini. Oktoba 2000 Pieter Venter na wenzake walishuka mita 104 kwenye korongo la Jesser kwa mitungi ya kawaida, wakamkuta silikanti, samaki yuleyule ambaye wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa kwenye nyavu za kina kirefu. Muda wao chini ulikuwa wa dakika chache tu. Mwezi uliofuata walirudi na kamera. Mmoja wao akapoteza fahamu, na Dennis Harding aliyepanda naye akafariki. Mwaka 2013 Mfaransa Laurent Ballesta na kundi lake walizamia korongo hilohilo, hadi mita 120, wakiwa na mitambo ya kuzungusha pumzi. Wao walipata muda wa kukaa na samaki na kufanya kazi ya sayansi. Lakini kila dakika unayoongeza chini huongeza vituo vya kusubiri njiani wakati wa kupanda, na akiba ndiyo inayopaswa kuvilipia vituo hivyo siku mtambo utakapokufa.

Mpango wa Sodwana hauhamishwi Kigoma kama ulivyo. Ziwa liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yake hayana chumvi. Hewa ya pale ufukweni ina bar 0.92, si 1.01. Kwenye mita 60 mgandamizo wote ni bar 6.8, wakati baharini ungekuwa 7.04. Asiyejua atafurahi kuona namba imepungua. Kinachotengeneza mapovu mwilini, hata hivyo, ni uwiano wa mgandamizo wa chini na ule utakaoibukia, na uwiano huo umepanda: mita 60 za Kigoma zinamdai mzamiaji kama mita 64 za baharini.

Kosa la pili ni la sensa, na hili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Sensa hurekebishwa kwa oksijeni tupu. Kigoma oksijeni tupu ni bar 0.92. Mtambo uliopangwa kwa usawa wa bahari utaiita 1.01, na kuanzia hapo kila kinachosomwa kimetiwa chumvi. Skrini itaonyesha 1.3, mzamiaji atakuwa anavuta 1.18. Kompyuta itampa vituo vya mtu aliyepata oksijeni zaidi ya aliyoipata, naye atapanda na nitrojeni na heliamu ambazo hazijaandikwa popote. Mitambo mingi ya sasa hupima hewa yenyewe, lakini kabla ya kurekebisha chochote soma namba ya mgandamizo kwenye skrini. Ukiona 1.01 ukiwa Kigoma, simamisha kazi.

Gesi ya kuchanganyia ningeichagua yenye oksijeni asilimia 15 na heliamu 55. Hewa ya kawaida kwenye kina hicho ni nzito kupita kiasi: kila lita ina karibu gramu 8.7, wakati ushauri wa wataalamu ni kubaki chini ya gramu 5.2 na kutovuka 6.2. Gesi nzito huyachosha mapafu, yanashindwa kutoa kaboni dioksidi, na kaboni dioksidi ndiyo inayomfanya mtu aheme kama aliyekimbia. Kwa mchanganyiko huu, ndani ya mtambo unabaki chini kidogo ya gramu 5. Tahadhari moja: ukiwa juu ya maji Kigoma, asilimia 15 inakupa oksijeni ya bar 0.14 tu. Hiyo iko chini ya kiwango salama, kwa hiyo gesi hii haivutwi juu kabisa. (Heliamu yenyewe iko jirani, watafiti wa Oxford na Durham walitangaza mwaka 2016 kwamba ipo nyingi chini ya bonde la Rukwa. Lakini gesi iliyo ardhini haijazi mtungi wa mtu.)

Sasa akiba. Misafara iliyotoka Ugogo kuja Unyanyembe, Tabora ya leo, ilipovuka Mgunda Mkali ilipiga tirikeza: wanaondoka mchana na vibuyu vimejaa, wanalala pasipo kisima, kesho yake wanayafikia maji. Anayekadiria maji ya tirikeza hamkadirii mtu aliyekaa kivulini. Vivyo hivyo usikadirie akiba kwa pumzi ya mzamiaji mtulivu, lita 15 au 20 kwa dakika. Anayehama kutoka mtambo mara nyingi anahama kwa sababu ya kaboni dioksidi, na huyo anahema lita 40 au zaidi.

Zidisha 40 kwa bar 6.8: ni lita 272 kila dakika. Ndiyo maana mtungi mdogo unakwisha kwa dakika mbili. Mpe dakika tatu za kutulia na kumwonyesha mwenzake ishara, lita 816 zimekwenda. Kupanda kutoka mita 60 hadi 21 kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika kunakula karibu 850 nyingine. Mtungi wa alumini wa lita 11 uliojaa bar 200 una 2,200. Zinabaki kama 530, na kituo kimoja cha dakika nne kwenye mita 24 kinazikomba karibu zote. Mwenye mtungi mmoja wa gesi ya kina, kwa hiyo, ana ruhusa ya kuharibikiwa lakini hana ruhusa ya kusimama. Mimi ningebeba miwili, oksijeni 18 na heliamu 50, na wa tatu wenye oksijeni asilimia 50 wa kuanzia mita 21. Ama nipunguze muda wa chini hadi mmoja utoshe.

Wapo wanaogawana: watu watatu, akiba ya mtu mmoja na nusu. Kwenye karatasi inatosha. Ila inadhani kwamba wenzako wako karibu na wewe una utulivu wa kuwangoja, jambo ambalo anayehema lita 40 hana. Kwa sababu hiyohiyo vali ya kuhamia iwe mdomoni, ya kuzungusha kwa kidole, ili mtu asilazimike kuutoa mtambo kinywani na kutafuta kingine. Ukiwa na kaboni dioksidi, kuzuia pumzi kwa sekunde tatu ni mtihani mgumu.

Linabaki suala la kuondoka. Huku kwetu Tabora ziwa tunalifikia kwa reli, na Tabora iko karibu mita 1,200, ambako hewa ni bar 0.88. Anayepanda treni ya kutoka Kigoma jioni baada ya kuzamia anaendelea kupanda usiku kucha akiwa amelala. Jedwali za jeshi la majini la Marekani huweka muda wa kusubiri hata kwa kupanda kiasi hicho. Kwa uzamiaji wa mita 60 wenye vituo, hesabu saa 24 kamili kabla ya treni au ndege, na muda huo wote mtungi wa oksijeni wa huduma ya kwanza ukae ufukweni, sio garini.