Ndimi Mbili katika Mgogoro wa Ushairi

Mgogoro wa ushairi wa Kiswahili uliopamba moto baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974 umekwisha kuandikiwa mengi. Aghalabu huelezwa kuwa ni ugomvi wa kanuni: upande mmoja ulishikilia kwamba utungo usiokuwa na vina na mizani si shairi, na upande wa pili ukadai kwamba vina na mizani ni vazi tu, wala si mwili wa shairi. Maelezo hayo ni ya kweli kwa kiasi chake. Hata hivyo, msomaji anayezirudia leo hoja za miaka ile atashangazwa zaidi na jambo jingine. Kanuni zilizotajwa kwa ukali mwingi ndizo zilizovunjwa na watetezi wake wenyewe, na uvunjaji huo haukuonekana kumkosesha mtu usingizi.

Inafaa kuanza na wanajadi, madhali wao ndio waliokuwa na sheria mkononi. Sheria hizo zilikuwa zimewekwa kitabuni na Kaluta Amri Abedi mwaka 1954 katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kitabu hicho kilifanya kazi njema, maana kiliwafikishia watunzi wa mbali elimu iliyokuwa ikipokewa kwa kukaa na malenga. Lawama ni ya wale waliokisoma kama msahafu. Kwao, mshororo wa shairi ni mizani 16, yaani 8 za ukwapi na 8 za utao, na vina vikae mahali pake. Anayepungukiwa na hayo ametoka nje ya ushairi, na pengine ameiharibu lugha.

Lakini wanajadi hao hao hukubali kile kiitwacho uhuru wa mshairi. Neno likizidi mizani, hukatwa, likipungua, hurefushwa, kina kikikataa kuingia, silabi ya mwisho hugeuzwa, na mpangilio wa sarufi ukizuia, huborongwa. Matendo hayo yamepewa majina ya heshima: inkisari, mazida, tabdila. Hapana ubaya ndani yake, kwani kila lugha humwachia mtunzi wake nafasi ya kujinyoosha. Ubaya upo katika hukumu. Mtu aliyejiruhusu kulivunja neno ili aiokoe mizani, kisha akamwita mwenzake mharibifu wa lugha kwa kuwa ameiacha mizani ili aliokoe neno, hana budi kueleza ni kitu gani hasa anachokilinda.

Hukumu yenyewe ilisimama juu ya jadi iliyopunguzwa. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, hauna umbo la mashairi ya Muyaka bin Haji aliyeishi Mombasa karne moja baadaye. Vipande vyake ni vifupi na vina vyake vina utaratibu wa namna nyingine. Ukawafi una mwendo wake. Utumbuizo, ambao jina lake hutajwa pamoja na nyimbo za Fumo Liyongo, haugawiki katika beti, wala mishororo yake haifungwi na idadi moja ya mizani. Aliyeitetea jadi miaka ya 1970 kwa kulitaja shairi la tarbia peke yake alikuwa akikitetea chumba kimoja na kukiita nyumba nzima. Tena wanajadi walipenda kusema kwamba shairi ni wimbo, na katika hilo walikuwa na hoja nzito ambayo hawakuitumia. Kama shairi ni wimbo, basi hakimu wake ni sikio. Mwimbaji hodari huimeza silabi iliyozidi, na iliyopungua huivuta, na msikilizaji haoni kasoro. Kuhesabu silabi kwa kidole juu ya karatasi ni kazi ya karani.

Wanamageuzi nao hawakusalimika. Baadhi yao walidai kwamba vina na mizani ni mali ya Waarabu iliyobandikwa juu ya Kiswahili, na kwamba kuviacha ni kujikomboa. Istilahi zenyewe, kwa kweli, zina asili ya Kiarabu: bahari, mizani, beti, shairi. Lakini arudhi ya Kiarabu, kama ilivyoratibiwa na Khalil bin Ahmad katika karne ya 8, hupima mpishano wa silabi ndefu na fupi. Mizani ya Kiswahili huhesabu silabi bila kujali urefu wake. Jina lilikopwa, kipimo hakikukopwa. Inachekesha kidogo kuona kwamba hoja ya kuukomboa Uswahili iliwanyang'anya Waswahili jambo walilolibuni wenyewe, na kuwapa Waarabu sifa wasiyoidai.

Dai la pili lilikuwa kwamba umbo la kale limezaliwa na mabwana wa kale, hivyo haliwezi kubeba fikra mpya. Dai hili lilikuwa limekwisha kujibiwa kabla halijasemwa. Ngonjera za Mathias Mnyampala, zilizochapishwa mwaka 1970 na 1971, zilieneza siasa ya Ujamaa hadi mashuleni kwa vina na mizani kamili. Jibu zito zaidi ni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotoka mwaka 1973. Mtunzi wake alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi, akaachiliwa mwaka 1972, na mashairi aliyoyatunga kifungoni yanafuata arudhi barabara. Serikali iliyomfunga haikuona kwamba mfuata mizani ni mtu asiyedhuru.

Na hapa ndipo ulimi wa pili wa wanamageuzi unapoonekana wazi zaidi. Walisema kwa niaba ya mkulima na mfanyakazi. Ilhali mkulima na mfanyakazi, walipotaka kusema wenyewe, walipeleka mashairi yao katika magazeti, tangu Mambo Leo la miaka ya 1920 hadi Uhuru na Taifa Leo, na mashairi hayo yalikuwa na vina. Shairi huru, kwa upande wake, lilisomwa zaidi katika kumbi za vyuo vikuu. Jambo hilo halilitii shairi huru dosari. Utungo mzuri hauhitaji kura za wengi. Lakini aliyeufanya umma kuwa shahidi wake angeusikiliza ushahidi ulipotolewa.

Chini ya hoja hizi zote kulikuwa na swali ambalo wengi waliona haya kulitamka: ni nani mwenye Kiswahili? Wanajadi walinong'ona kwamba watu wa Bara wameyaacha mazito kwa sababu hawakuyaweza. Wanamageuzi walijibu kwamba watu wa Pwani wanaifungia lugha ya taifa katika sanduku la ukoo. Hata jina la diwani ya M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi ya mwaka 1976, Malenga wa Bara, lina harufu ya ugomvi huo. Laiti pande mbili zingetazama ramani. Amri Abedi, mtunga sheria, alikuwa mtu wa Ujiji, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mnyampala, bingwa wa ngonjera, alikuwa Mgogo. Ebrahim Hussein, aliyetunga Ngoma na Vailini bila kujifunga na vina, ni mwana wa Kilwa. Mstari wa Pwani na Bara haukupita kati ya mashairi hata siku moja. Ulipita kati ya wagomvi.

Mulokozi na Kahigi wanastahili kutendewa haki. Walipotoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, walijaribu kueleza ushairi kwa jumla bila kuufunga katika vina na mizani, na wao wenyewe walitunga kwa namna zote mbili. Huo ulikuwa mlango uliofunguliwa. Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka ya mwaka 1984 yaonyesha, hata kwa jina lake, jinsi wengine walivyopendelea kubaki uwanjani.

Mwishowe ugomvi haukuamuliwa kwa hoja. Uliamuliwa na mitaala, kwa njia iliyo nyepesi kuliko zote: yakatengenezwa makundi mawili, mashairi ya arudhi na mashairi huru, na mwanafunzi akafundishwa kutambua kundi kabla ya kulisikia shairi. Nchini Kenya mtahiniwa wa kidato cha nne huulizwa bahari ya shairi, umbo lake, na mifano ya uhuru wa mshairi. Neno la Kimvita au la Kiamu alilolinyonya mtunzi kwa mama yake huandikwa katika orodha ya mambo aliyoruhusiwa kukosea.

Mwaka 1988 Alamin Mazrui, mtu wa Pwani, alitoa Chembe cha Moyo, diwani iliyotokana na kuzuiliwa kwake bila kushtakiwa kuanzia mwaka 1982. Sehemu kubwa ya mashairi yake haifuati vina wala mizani. Kuta za Kamiti zilizomzunguka ndizo zilizomzunguka Abdilatif Abdalla zaidi ya miaka kumi kabla yake. Kiswahili cha wote wawili ni cha mwambao mmoja, na jambo linalosemwa halitofautiani sana. Vitabu vya shule vingeiweka Sauti ya Dhiki katika kundi la kwanza na Chembe cha Moyo katika kundi la pili, na maswali yanayofuata chini ya kila kimoja yangeanza na idadi ya mishororo.