Heko kwa Mpango wa YES

Kijana wa Malindi au Kilifi anayepata nafasi ya Kennedy-Lugar YES, mpango ulioanzishwa na serikali ya Marekani mwaka 2002, huishi mwaka mzima wa masomo na familia ya huko. Hilo ndilo nalipongeza zaidi. Huosha vyombo nao, akiwa Mwislamu hufunga Ramadhani katika nyumba ya wasiofunga, kisha husimama mbele ya darasa kuwaeleza wenzake kwao kukoje. Hapo hulazimika kuyajua magofu ya Gede na misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, sehemu ambazo pengine alizipita kila siku bila kuuliza. Na kwa kuwa gharama hulipwa na mpango, mtoto wa mvuvi wa Mayungu naye aweza kwenda.