Kasokota au Kapopotoa?

Miaka kumi iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini, nilitafsiri mahojiano ya mwenyekiti mmoja wa ushirika. Mzee alisema kwa Kiingereza kwamba wakubwa wali-twist mkono wake mpaka akasaini. Mimi nikaandika "walimpopotoa mkono". Asubuhi binti yake akapiga simu kutoka mkoa mwingine, analia, anauliza baba amelazwa hospitali gani. Kumbe hakuna aliyemgusa. Walimshinikiza kwa maneno tu. Tangu siku hiyo kitenzi hiki nakiogopa kidogo.

Sisi kazi yake tumeigawa. Kamba husokotwa, na tumbo nalo husokota. Mkono hupopotolewa. Maneno ya mtu hupotoshwa, na katika ukoo huohuo wamo wapotovu wote. Mwingereza anabeba yote kwa neno moja, lenye undugu na neno lake la "mbili": nyuzi mbili zikizungushwa pamoja. Kwa Wajerumani na Waholanzi ndugu wa neno hilo ni ugomvi. Wao, nadhani, waliziona nyuzi zikivutana.

Sasa wahakiki wetu, na mimi nimo, tunasifu riwaya kwa kuwa "ina twist". Ipi hiyo?

Chukua Oliver Twist (1837–1839). Wezi wanatoka na mtoto mara mbili. Mara ya kwanza, anayeibiwa ni rafiki wa zamani wa baba yake. Mara ya pili, nyumba inayovunjwa anaishi mama yake mdogo. Uingereza nzima ile! Naipenda riwaya hii, lakini hapo hadithi imepopotolewa mkono, na mfupa unasikika ukilia.

Miaka zaidi ya ishirini baadaye, katika Great Expectations, Dickens huyohuyo anasokota. (Msioisoma bado, mnisamehe.) Pip anaamini fedha zake zinatoka kwa Miss Havisham, kumbe ni za Magwitch, mfungwa mtoro aliyekutana naye makaburini sura ya kwanza kabisa. Uzi ule ulikuwepo siku zote, sisi tukitazama ule mwingine. Hata wakili Jaggers anawahudumia wote wawili. Rudi nyuma uvute popote, kamba haikatiki.

Wiki iliyopita kijana mmoja kaniletea uhakiki wake, kaandika "twist kali sana". Nimemrudishia na swali moja pembeni: kasokota au kapopotoa? Hajajibu bado.