Sarafu ya fedha, jina la kuazima

MWAKA wa 1999, Benki Kuu ya Israeli ilitoa sarafu ya ukumbusho kuadhimisha miaka 51 ya uhuru wa nchi hiyo. Mada yake haikuwa shujaa wa vita wala nabii, bali sekta ya teknolojia ya juu. Ilifuliwa kwa fedha ya kiwango cha 925, yaani sehemu 925 za fedha halisi katika kila 1,000. Sina ugomvi na wafua fedha. Ugomvi wangu ni na jina.

Lakini tuanze na fedha yenyewe. Muulize mwanafunzi maana ya 'fedha', atajibu haraka: pesa. Mwambie fedha ni madini meupe ya kutengenezea pete na vikuku, atakukodolea macho. Ati hiyo si silva? Silva! Neno hili tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao ni jina la madini, sisi tukalipa kazi ya pili. Waebrania nao walifanya vivyo hivyo: kesef kwao ni madini hayo na ni pesa pia. Hata shekeli, ambayo wengi tunaijua kutokana na Biblia, hapo awali haikuwa sarafu bali kipimo cha uzani. Mtu alilipa kwa kupima fedha kwenye mizani. Kwa hivyo shekeli iliyofuliwa kwa fedha inayarudisha maneno mawili nyumbani kwao. Nadhani hilo ndilo jambo bora zaidi katika kazi hii yote.

Sasa jina. Sarafu hii inajulikana kwa neno high-tech, ambalo Waisraeli hulitamka haitek, jinsi lilivyotoka Marekani. Ingekuwa lugha yenye uhaba wa istilahi, ningenyamaza. Lakini Kiebrania kina machshev kwa tarakilishi, neno lililoundwa kutokana na mzizi wa kufikiri na kuhesabu. Kina tochna kwa programu. Na kwa sekta hiyo hiyo kina ta'asiya atirat yeda, yaani viwanda vyenye utajiri wa maarifa. Hebu linganisha. 'Teknolojia ya juu' yasema kitu kiko juu, bila kutwambia juu ya nini. 'Utajiri wa maarifa' yasema mali imo kichwani mwa mtu. Intel ilipofungua kituo chake Haifa mwaka wa 1974 haikufuata madini, ilifuata wahandisi. Neno la wenyewe liliujua ukweli huo, ila sarafu ikapewa neno la kuazima.

Mtetezi ataniambia kwamba sarafu za ukumbusho hununuliwa pia na wakusanyaji wa ng'ambo, basi wacha jina lieleweke. Sawa, lakini sarafu za Israeli huandikwa jina la nchi kwa Kiebrania, Kiarabu na Kiingereza. Kila lugha ina nafasi yake. Isitoshe, maneno ya fasheni huchakaa. Machi 2000 hisa za kampuni za intaneti zilianza kuporomoka New York, na neno lililong'aa mwaka uliotangulia likaanza kunuka hasara. Maarifa hayakuporomoka.

Wala sisi tusicheke. Kwetu 'tarakilishi' imebaki kwenye mitihani, huku mwalimu mwenyewe akisema kompyuta punde tu atokapo darasani. Hata hivyo, huduma iliyotutangaza duniani tangu 2007 iliitwa M-Pesa, na sehemu yenye uzito katika jina hilo ni ya sokoni. Pesa ilikuwa sarafu ndogo ya shaba. Wajerumani walipoanza kutawala Tanganyika, pesa 64 zilitimiza rupia moja. Ilikuwa sarafu ya mchuuzi wa mchicha, si ya sonara. Ndiyo maana mama mboga hakuhitaji kufasiriwa jina hilo.

Na siku Benki Kuu yetu itakapofua sarafu ya kusifu teknolojia ya Kenya, itaandika nini? Noti za mwaka wa 1966 zilikuwa na maandishi 'Banki Kuu ya Kenya', na hadi leo walimu wa Kiswahili tunainung'unikia hiyo 'banki'. Mimi ningeipokea sarafu yenye 'banki' kwa mikono miwili kabla ya kuigusa yenye 'hai-teki'.