Hongera Mafundi wa Segese

Segese, katika Halmashauri ya Msalala, gari la zamani halitunzwi kama pambo, linafanya kazi. Land Rover za kale na Toyota za miaka ya 1990 hupita barabara za machimbo, vumbi tele, mafuta mara nyingine yakimiminwa kutoka kwenye dumu. Uchafu ukishuka kwenye tenki, pampu huanza kulia na gari hukosa nguvu mlimani.

Nawapongeza kwa dhati mafundi wanaotega sikio kabla ya kushika spana. Pampu inayolia kwa sauti nyembamba mara nyingi ina njaa: chujio limeziba au mpira wa kunyonya umejikunja. Fundi makini hufungua kwanza kifuniko cha tenki. Hewa ikiingia kwa mvumo na pampu ikatulia, tundu la kupumulia ndilo limeziba. Kisha hupima umeme kwenye pampu yenyewe, maana volti 10 hazisukumi kama 12.

Halafu geji ya presha ya mafuta. Gari la kabureta hutosheka na psi 3 hadi 6. La EFI, yaani la sindano za mafuta za kielektroniki, hudai karibu 40. Kwenye EFI, geji ikisoma chini, akiubana kidogo mpira wa kurudisha mafuta na geji ikapanda upesi, pampu ni nzima. Regyuleta ya presha ndiyo imechoka. Jaribio hilo dogo humwokolea mtu bei ya pampu.

Pampu mpya ikifungwa kwenye tenki chafu hufa vilevile. Wanaoshusha tenki zima na kulisafisha juani, hata mwenye gari akihimiza, nawavulia kofia.