Adhabu ya Kubaki Hai: Miisho ya Infernal Affairs na The Departed

Utanzu wa upelelezi aghalabu hupimwa kwa taharuki yake. Kigezo hicho hakitoshi tunapoihakiki Infernal Affairs (2002), filamu ya Hong Kong iliyoongozwa na Andrew Lau na Alan Mak. Humo askari Chan anaishi kwa siri ndani ya genge la Sam, ilhali Lau, mfuasi wa Sam, amepandikizwa katika polisi. Anayejua kuwa Chan ni askari ni mkuu wake, Wong. Wong anapouawa, uaskari wa Chan unabaki katika jalada la kompyuta tu, nalo Lau analifuta. Nafsi ya mtu, kwa mujibu wa msuko huu, husimama juu ya shahidi wake.

Jina la Kichina la filamu hii linarejelea Avici, jahanamu ya Kibudha ambayo mateso yake hayana kituo. Kwa hiyo Lau, anayenusurika huku Chan akizikwa kwa heshima za kiaskari, hajashinda. Amehukumiwa kuuishi uongo wake.

Martin Scorsese, katika The Departed (2006), anakihamishia kisa hiki Boston na kumuua msaliti. Toleo lililotayarishwa kwa China Bara nalo lilimtia Lau mbaroni. Miisho hii miwili inamliwaza mtazamaji kwamba maovu hulipwa. Hata hivyo, inaipunguza tanzia: risasi na pingu humaliza adhabu, au huipa mpaka, ambapo Infernal Affairs inakataa kuimaliza.